Umetumwa na Nani?

Saa nane na dakika kumi na nne, usiku,
ghorofa ya nne, Mtaa wa Samora,
faili la Mwalimu Anangisye lilifunguliwa,
namba ya akaunti ikabadilishwa,
likafungwa
kimyakimya, kama mtu anayekunja mkeka.

Asubuhi mwalimu yuko dirishani, katoka Yombo,
shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.
Anauliza kwa adabu ya ubaoni:
"Pensheni yangu ya mwezi huu, mmempa nani?"

Nikaenda chumba cha seva.
Baridi ya mle si ya Dar,
unavaa sweta Januari
na nje lami inashika soli.
Nikazihoji mashine moja moja,
kama mama anavyohoji watoto, nani kavunja glasi.

Ya mbele ikasema:
Kwangu watu hubisha hodi.
Nauliza jina, nauliza neno la siri,
vikilingana nasema karibu.
Usiku huo hakubisha mtu.

Ya kati ikasema:
Mimi watu siwaoni. Naona maombi.
Yakiletwa na wa mbele nayapokea,
navaa kanzu yangu ya kazi, naingia ndani kuyatimiza.
Usiku huo sikuletewa kitu.

Hifadhidata, iliyo ndani kabisa,
ikafungua kitabu chake:
Alikuja wa kati.
Mimi namjua huyo mmoja tu.
Mchana ni yeye, usiku ni yeye,
abebe haja ya karani, abebe haja ya mwizi,
kanzu ni ileile.
Alinitajia neno lake, nikampisha.

Watatu, na hakuna mwongo.
Ukijumlisha ukweli wao unapata sifuri.

Nikamkumbuka Mangi Shirima wa Temeke.
Nina miaka saba, nataka sukari nusu kilo, ya mkopo.
"Umetumwa na nani?"
"Mama."
"Mama ana mwandiko."
Nikatimua mbio nyumbani, nikarudi na kikaratasi:
jina lake, sukari nusu, tarehe.
Siku moja nikajaribu cha jana.
Alikichana mbele yangu bila hasira.
"Mwandiko wa jana," alisema, "ununue sukari ya jana."

Mangi hakuwahi kugusa kompyuta.
Mimi nilisoma miaka minne, nikavaa joho,
nikajenga nyumba ya vyumba vitatu
ambamo mtu anaulizwa jina mlangoni tu,
na ukishavuka sebule jina linabaki na viatu nje.

Ilitakiwa ombi litembee na kikaratasi chake
mpaka chumba cha ndani:
nani katuma, karuhusiwa nini,
muhuri ambao wa kati hawezi kuuchonga,
na saa ya kufa.
Kama tokeni ya Luku, ukiirudia inakukatalia
hata ukiwa gizani, hata ukibembeleza.

Hilo nalijua leo. Nililijua na siku ile,
ila ilikuwa Ijumaa, bosi kasimama nyuma ya kiti,
mfumo unazinduliwa Jumatatu, maturubai yameshakodiwa.
Neno la siri la wa kati nikaliandika wazi, herufi kwa herufi,
ndani ya faili la mipangilio.
Nikalinakili kwenye mashine tatu.
Nikasema nitarudi kulificha.
Kanzu nimeiacha kwenye kamba, uani, miaka miwili,
apite yeyote aivae.

Aliyeivaa simjui.
Labda sitamjua; kitabu kimemwandika kwa jina lisilo lake.

Saa tisa alasiri mkaguzi akaja, Bi Sikudhani Lipwata,
miwani kwenye mnyororo, kalamu ya wino mwekundu.
Mwalimu bado yuko kwenye benchi,
anakunja na kukunjua kitambulisho.
Bi Sikudhani akaweka kidole kwenye ule mstari.
"Wa kati, wa kati. Huyu si mtu.
Neno lake la siri aliliweka nani?"

Tangu utotoni tumekatazwa jibu hili mlangoni,
kwa kuwa halimtaji mtu.

"Mimi," nikasema.

Hakuuliza mimi nani.
Aliandika.